Mpima Asiondoke Kabla Bomba Halijafukiwa

Mtaani kwetu hapa Mwanza, si mbali na Mto Mirongo, kuna chemba ya majitaka inayofumuka kila mvua kubwa ikinyesha. Mfuniko unanyanyuka, maji meusi yanashuka na barabara, yanapita mbele ya mama anayeuza dagaa, yanaingia mtoni. Mto unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa. Kwa miaka miwili tulilaumiana majirani: huyu katupa matambara, yule kamwaga mabaki ya ugali. Mafundi wakaja na fito zao, wakazibua, wakaondoka. Ikaziba tena.

Mwaka jana akaja kijana mmoja mpima. Alisimamisha mashine yake ya levo, ile ya kulinganisha vimo, juu ya miguu mitatu, akamwomba mtoto wa jirani ashike fimbo ndefu yenye namba ndani ya chemba ya juu, kisha ndani ya chemba ya chini. Akasoma, akaandika, akarudia kusoma. Halafu akanionyesha daftari: sakafu ya chemba ya chini iko juu kuliko ya chemba ya juu kwa sentimita 4.

Mzee mmoja aliyekuwepo wakati wa kuchimba ndiye aliyetueleza ilivyokuwa. Vibarua walikuta mwamba. Kuuvunja kungewachukua siku kadhaa, kwa hiyo waliinua bomba kidogo, wakalipitisha juu yake, wakafukia. Mpima wa kazi hiyo alikuwa amekwishapigilia mambo zake, yaani vigingi vya kuonyesha kimo cha bomba, na kwenda zake wiki tatu kabla.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Bomba la majitaka halina injini, linategemea mteremko tu. Mteremko wa 1 kwa 200 ni milimita 5 kwa kila mita. Kati ya chemba mbili zilizo mita 40 mbali, bomba linashuka sentimita 20 tu kwa jumla. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, hata la fundi mwenye miaka thelathini kazini. Ukiipoteza, maji yanapita polepole na uchafu unabaki nyuma, siku baada ya siku, mpaka bomba linajaa. Wa kuiona ni mpima peke yake, na tunamwita siku ya kuanza, akishapigilia mambo tunamuaga.

Wanaochimba mahandaki ya majitaka chini ya miji mikubwa hawathubutu kufanya hivyo. London wamechimba handaki la kilomita 25, kwa sehemu kubwa chini ya Mto Thames, upana wake mita 7.2, na mwaka 2025 limeunganishwa lote. Chini kule setilaiti za kupimia mahali hazionekani, na mashine ya kuchimba ni kipofu. Mpima ndiye macho yake tangu mita ya kwanza hadi ya mwisho.

Njia mojawapo ya kushusha vipimo kutoka juu naipenda kwa sababu kila fundi wa Mwanza ataielewa: timazi. Nyaya mbili zinaning'inizwa ndani ya shimo la kushukia, uzito wake ukizamishwa kwenye ndoo za mafuta ili zitulie. Mstari kati ya nyaya hizo ndio unaoonyesha handaki lielekee wapi. Sasa fanya hesabu. Kama nyaya zimeachana mita 8 na mmoja umekosea milimita 1 kwa upande, ukifika kilomita moja mbele umeshapotoka sentimita 12 na nusu. Kwa hiyo hutumia pia jairoskopu, chombo kinachotafuta kaskazini kwa kuhisi mzunguko wa dunia, na hupima upya kila handaki linaposonga. Waliochimba handaki la reli kati ya Uingereza na Ufaransa walipokutana chini ya bahari Desemba 1990, walikuwa wamepishana milimita 358 kwa upande, lakini milimita 58 tu kwa kimo. Kwa majitaka, hicho cha pili ndicho chenye uzito.

Naandika haya kwa sababu ya umbo la Mwanza. Vilima vyetu vyote vinamwaga ziwani, kwa hiyo majitaka yakifuata mteremko yanakusanyika ufukweni, mahali ambapo hatuyataki kabisa. Kuyaondoa hapo lazima pampu iyasukume, na pampu inahitaji umeme. Singapore walikuwa na tatizo la pampu nyingi, wakachimba handaki refu la kina linaloshuka lenyewe hadi mtambo mmoja. Awamu ya kwanza, kilomita 48, ilikamilika mwaka 2008. Siku moja mtu ataleta wazo kama hilo hapa, na mimi sitalipinga. Ila atachimba kwenye mawe haya haya, mwamba mgumu hatua tatu, udongo laini hatua mbili, na juu yake nyumba zilizokaa juu ya majabali. Kila nyumba itahitaji kupimwa kabla, wakati na baada ya kuchimba, ijulikane kama imesogea.

Kabla ya hapo, naomba jambo dogo lianze kwenye mabomba ya mitaani. Mkandarasi asilipwe kipande chochote mpaka mpima ashuke mtaroni, asome kimo cha bomba likiwa bado wazi, na namba hizo zibaki kwenye ramani ya jiji. Na alama za vimo za zege zilizopo, ambazo mpima huanzia kupima, zilindwe. Moja niliikuta imeng'olewa, imegeuzwa kigoda cha muuza mahindi, na sidhani kama kuna aliyemwambia ni kitu gani.

Chemba yetu bado haijarekebishwa. Barua ya mtaa tumepeleka, na ukurasa wa daftari la yule kijana tumeuambatisha, sentimita 4 zikiwa zimezungushiwa kalamu nyekundu.