Mafuriko ya Kilombero si janga kwa samaki

Juzi sokoni Ifakara nimekuta fungu la kambale wa moshi, kila mmoja urefu wa kidole. Nikamwamkia mama muuzaji, nikamuuliza wametoka wapi. "Wamenaswa kwa chandarua, mwanangu, maji yalipokuwa yanarudi mtoni. Wakubwa tunawangoja tu." Nimeondoka na uchungu ambao haujanitoka.

Siwezi kumlaumu. Ninaowalaumu ni sisi tunaozungumzia mafuriko ya bonde hili kila masika kama janga, halafu kiangazi tunauliza samaki wamekwenda wapi. Maji ya Mnyera, Ruhudji na Kihansi yakishatanda bondeni, kambale huacha mto na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa, mayai yake yakanata kwenye majani. Perege jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga vyake hukulia kwenye maji ya kina kifupi, mbali na samaki wakubwa. Nyasi zile ndizo chumba cha uzazi cha mto mzima. Ukizilima mpaka ukingoni, hata ukichoma kila kokoro na kila chandarua mkoani Morogoro, kambale atakuja na mayai yake akute tuta la mpunga lililopigwa dawa ya magugu. Azalie wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka huu nimetembea mahali ambapo mpunga na mto vinagusana. Hapakuwa na hata hatua moja ya nyasi katikati.

Haya, watu lazima wale. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya mpunga wa bonde hili hili, kwa hiyo sitamwambia mkulima yeyote afunge virago. Namwomba mita 60.

Sheshe, swala wa nyanda zenye maji, nao walitegemea nyasi hizo. Wakati fulani sehemu kubwa ya sheshe wote duniani ilikuwa hapa, na mwaka 2002 bonde likaingia kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wazee wanasimulia makundi yao. Wanangu hawajamwona hata mmoja. Ng'ombe wamechangia, ndiyo, lakini ng'ombe hashiki jembe wala trekta. Na anayedhani haya ni ya Ifakara peke yake akumbuke kwamba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayojaza Bwawa la Nyerere, yanapita hapa.

Mashamba yataanza kusafishwa kabla ya mvua. Kamati za mazingira za vijiji zishuke mtoni sasa, na kamba ya kupimia na vigingi, nyasi zikiwa bado zimesimama.