ReiserFS kung'olewa kwenye Linux: mzigo ulikuwa wa nani?

ReiserFS, mfumo wa faili (namna ya kupanga mafaili kwenye diski), iliingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux mwaka 2001, toleo la 2.4.1. Ndiyo iliyotangulia humo kuwa na jarida, kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea: umeme ukikatika, mashine haikulazimika kukagua diski nzima ndipo iwake. Mwanzoni mwa 2025, toleo la 6.13 likatoka bila hiyo, mistari zaidi ya 30,000 imefutwa.

Wanaolalamika wana hoja. Linux ina sifa ya kutowaacha watumiaji wake njiani, na diski iliyolala kabatini tangu 2005 haisomi matangazo.

Ila msimbo usio na mwenyewe nao una gharama. VFS, tabaka linalobeba mifumo yote ya faili, hubadilika kila mara, na kila badiliko lazima lifikishwe kwenye kila mfumo. Anayelifikisha kwenye ReiserFS hana wa kumuuliza, na akikosea hagundui, maana hakuna anayeijaribu. Kisha usalama: moduli (kipande cha kerneli) ya ReiserFS ikiwemo, flashi iliyovurugwa makusudi inaweza kuangusha mashine ya mtu ambaye maisha yake hajafomati chochote kwa ReiserFS. Hapa ndipo hoja ya “iacheni tu, haimdhuru mtu” inapokosa nguvu kwangu.

Uzee peke yake haukuwa kosa. HFS, mfumo wa faili wa Apple, ni kongwe zaidi, nayo ilikaa miaka bila mtunzaji. Mwaka 2025 wakajitokeza watu wa kuishika, ikabaki. ReiserFS ilitangaziwa mwisho wake 2022, toleo la 5.18, na karibu miaka mitatu ikapita bila wa kuibeba. Notisi hiyo naiona ya haki.

Mwenye diski bado ana njia. Toleo la 6.12 la kerneli ni la kutunzwa muda mrefu na ReiserFS imo. Nakili diski nzima kuwa faili moja kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, faili hiyo uiweke kwenye diski ya ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux), uifungue kwa mount -o loop,ro (ro ni kusoma tu), kisha hamisha mafaili kwa rsync -aHAX. Jarida likiwa na kazi iliyobaki, itagoma kufunguka. Tengeneza nakala ya pili na hiyo uifungue bila ro. Usikimbilie reiserfsck --rebuild-tree, amri ya kukarabati ReiserFS: hukusanya kila kinachofanana na tawi la ReiserFS popote kwenye diski, na kama humo ulihifadhi faili la picha ya diski nyingine ya ReiserFS, mafaili ya ndani yatachanganywa na ya nje.