Theluji Haiogopi Matairi Makubwa

Kila mwezi wa kumi, majani yakianza kupukutika huku Minnesota, Marekani, swali ni lile lile kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Wakuu, 33 inaingia kwenye 4Runner bila kugusa?" Yaani tairi lenye kipenyo cha inchi 33. Anayeuliza kishaona picha mahali. Gari limenyanyuka, matairi yana meno kama ya trekta, nyuma yake theluji imetanda. Majibu yanamiminika: inaingia, kata plastiki kidogo, weka springi ndefu, usiogope. Mimi nina jibu ambalo watu hawalipendi. Kwa majira ya baridi, baki na kipenyo cha kiwandani, upana upunguze badala ya kuuongeza, na ile hela uliyotaka kuitia kwenye ukubwa itie kwenye mpira laini wa baridi na seti ya pili ya rimu ndogo. 33 ni mambo ya mwezi wa tano.

Kwa ambao hawaijui 4Runner, ni Toyota, ndugu wa Prado. Ile ya kizazi cha tano, ya modeli za 2010 hadi 2024, ni ya ukoo mmoja na Prado ya 150, na magurudumu yake yanashikwa na nati sita kwa vipimo vile vile. Nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 265/70R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kama asilimia ya huo upana, ya tatu ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu unapata kipenyo cha milimita 803, sawa na inchi 31.6. Hiyo "33" inayotafutwa na kila mtu kwa kawaida ni 285/70R17, yenye milimita 831. Hata 33 kamili haijafika, ni 32.7.

Tofauti ni milimita 28. Lakini gari halinyanyuki kwa 28, kwa sababu nusu ya kipenyo iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Tumbo la gari linapanda milimita 14. Weka kidole chako cha shahada mezani, ndio huo unene. Theluji ya dhoruba moja ya Januari inaweza kukufika magotini, na wewe umenunua unene wa kidole. Anayetaka kuinua gari kweli anainua kwa springi, na hayo ni mazungumzo mengine yenye bei nyingine.

Huo unene wa kidole una gharama zake. Spidi mita inaanza kudanganya: ikisoma maili 70 kwa saa, wewe uko 72 na zaidi. Gia zinahangaika kwenye vilima, kwa maana injini inasukuma gurudumu refu na zito kuliko lile ambalo sanduku la gia lilipangiwa. Uzito huo wa ziada ndio breki zinaousimamisha. Tairi pana kwenye kona linagusa plastiki ya ndani ya madigadi, na wengine wanaishia kukata hadi chuma nyuma ya gurudumu la mbele.

Wanaokata Agosti wanasahau jambo moja: madigadi ya Januari si yale ya Agosti. Ukiendesha kwenye theluji yenye maji maji kwa saa moja, inajazana ndani ya nafasi ya gurudumu na kuganda ikawa jiwe. Nafasi uliyoipima kwa vidole ukiwa umevaa fulana haipo tena. Nimeona magari yaliyoegeshwa jioni yakiwa salama, asubuhi usukani hauzunguki mpaka mwenye gari apige teke bonge la barafu lililogandia nyuma ya tairi. Tairi la kiwandani linakuachia nafasi ya bonge hilo. 33 inalisaga mpaka plastiki inachanika.

Sasa barafu yenyewe. Watu wengi waliokulia kwenye joto tunadhani theluji ndiyo adui. Theluji kavu iliyoshindiliwa ina heshima zake, ukiiheshimu inakushika. Kinachoua ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, hasa joto likiwa karibu na sifuri, kwa sababu hapo uso wake unakuwa na utando wa maji na utelezi unafika kileleni. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu inashika zaidi, ingawa mtu akikuambia hivyo huku masikio yanauma huwezi kumwamini. Juu ya barafu, meno makubwa ya tairi la tope hayana la kufanya. Yametengenezwa yachimbe, na barafu haichimbiki. Kinachosaidia ni mpira unaobaki laini kwenye baridi na zile nyufa nyembamba, mamia yake, zilizokatwa juu ya meno. Zinafunguka kidogo tairi linapokanyaga, zinafuta ule utando wa maji, na kingo zake zinang'ang'ania.

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Matairi mengi ya tope yana mpira mgumu, na yana nyufa chache au hayana kabisa. Ndiyo maana gari lenye sura ya kishujaa kuliko yote kwenye maegesho linaweza kuwa la mwisho kusimama kwenye taa nyekundu.

Na hapa 4x4 inawadanganya wengi. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki nne, Corolla ya jirani na 4Runner yako, tofauti ni kwamba yako ina uzito mkubwa zaidi wa kuuzuia. Anayetaka ushahidi aende Duluth, mji uliojengwa kwenye mteremko unaoshuka hadi Ziwa Superior, asubuhi baada ya mvua ya barafu, asimame pembeni atazame. Magari makubwa yanapanda vizuri sana. Kushuka ndiko kwenye sinema.

Ukienda dukani, usitishwe na herufi M+S ubavuni. Hizo zinamaanisha mtengenezaji anasema meno yana mpangilio wa tope na theluji, basi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika 1999. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, haikubali tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi. Hata hiyo alama ya mlima ina mipaka yake: kwa Marekani jaribio lake ni la kuondoka kwenye theluji iliyoshindiliwa. Halipimi breki, halipimi kona, wala barafu. Matairi ya kila eneo, yale yanayouzwa kama ya lami na porini kwa pamoja, siku hizi mengi yana alama hiyo, na ni matairi mazuri. Kwa mtu anayeishi mahali theluji inapoanguka mara chache ikayeyuka, yanatosha mwaka mzima. Hapa tunakaa na barafu miezi minne au mitano. Hayatoshi.

Kuhusu upana, nawashangaa hasa wenzangu tuliotoka Arusha. Sisi tumekua tukiona Land Cruiser za watalii zikitoka mjini kwenda mbugani na matairi yale membamba marefu, 7.50R16, na hakuna aliyeyacheka. Udongo mweusi wa mbugani ukinyeshewa, tairi jembamba linakata lile tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Theluji yenye maji maji juu ya lami inataka kazi hiyo hiyo. Chini kuna lami, na unachotaka ni tairi lifike kwenye lami. Tairi pana linapanda juu ya uji huo, na kwenye mwendo wa barabara kuu usukani unakuwa mwepesi ghafla, wepesi ambao dereva mzoefu anauogopa. Kwa 4Runner mimi natafuta 245/75R17. Kipenyo chake ni milimita 799, nne tu chini ya cha kiwandani, kwa hiyo spidi mita haidanganyi na gia hazijui kama kuna kilichobadilika, ila upana umepungua kwa sentimita mbili. Hakikisha tu kwamba uwezo wake wa kubeba uzito haupungui ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Nisiseme uongo, juu ya barafu tupu upana haubadilishi mengi, mpira ndio unaoamua. Na kuna mahali ambapo wenye matairi mapana wana haki kabisa. Waislandi wanapanda barafu za milimani mwao na magari yenye matairi ya inchi 38, hata 44. Kampuni ya huko, Arctic Trucks, ndiyo iliyoandaa Toyota Hilux zilizofika, mwaka 2007, mahali ilipokuwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996, zikiwa na matairi ya inchi 38. Lakini tazama wanavyoyatumia. Theluji yao huko juu ina kina ambacho tairi halitagusa ardhi hata likichimba kutwa, hivyo inabidi lielee. Ili lielee wanatoa upepo mpaka zinabaki psi (kipimo cha upepo wa tairi) chache sana, tairi linalala na kuwa refu chini ya gari, kisha wanatambaa. Upana bila kutoa upepo haukupi hiyo faida. Wewe unakwenda kazini kwa barabara ya I-35, upepo umejaa, maili 60 kwa saa, chini yako kuna lami iliyomwagiwa chumvi. Si safari ile.

Tuje kwenye rimu. Kama una Limited, ile ya kifahari iliyotoka na rimu za inchi 20 na matairi ya 245/60R20, baridi ndiyo nafasi yako ya kushuka hadi 17. Kipenyo cha nje hakibadiliki, 802 kwa 803, lakini ubavu wa tairi unakuwa mnene, na ubavu mnene ndio unaopokea pigo la shimo lililofunikwa na theluji. Mashimo ya Machi huku yanavunja rimu kubwa vibaya sana. Usishuke chini ya 17 kabla ya kujaribisha rimu tupu, isiyo na tairi, kwenye kila ekseli, breki za mbele zisije zikagusa.

Mimi ni mtu wa rimu za chuma, nyeusi, mbaya kwa sura. Zikikunjwa na shimo fundi anaweza kuzinyoosha. Chumvi ikizila, unazipaka rangi Juni. Rimu za Toyota nyingine, Tacoma na FJ Cruiser, za nati sita zinaingia, na kwa wauza vipuri vya magari yaliyogongwa zinapatikana kwa bei ya kuongea. Angalia nati tu: rimu nyingi za alumini za Toyota hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa, lakini za chuma zinataka nati zenye mdomo wa koni. Ukichanganya, gurudumu litaonekana limekaza na halijakaza. Kaza kwa spana yenye kipimo cha mkazo, kisha rudia baada ya kuendesha kilomita 80 au 100.

Epuka rimu zinazotokeza nje ya bodi. Kiangazi zinapendeza. Baridi zinarusha mchanganyiko wa chumvi na matope hadi kwenye vioo vya pembeni, na milango yako inaanza kuota kutu kabla mkopo haujaisha.

Seti ya pili ya rimu inajilipa yenyewe polepole, kwa sababu huhitaji kung'oa na kuvisha matairi mara mbili kwa mwaka, na kila seti inapumzika miezi kadhaa. Jeki, spana, na Jumamosi moja. Jambo la kuudhi ni zile sensa za upepo wa matairi. Magari mapya ya Marekani yamelazimika kuwa nazo tangu Septemba 2007, kwa hiyo ama ununue sensa nne nyingine, ama ukubali taa ya njano kwenye dashibodi hadi Aprili. Nunua sensa. Baridi ndiyo wakati unaozihitaji zaidi: tairi ulilolijaza psi 32 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litasoma karibu 26 ukilitoa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bila pancha yoyote. Jaza asubuhi, nje, gari likiwa bado baridi.

Matairi ya misumari, yale yenye vipini vya chuma vya kung'ata barafu, niyapite haraka, maana Minnesota hairuhusu wakazi wake kuyatumia. Wenzetu wa Norway na Finland wana uhuru zaidi na wanajua faida yake. Wakongomani wa Montreal hawana hata mjadala wa kama waweke matairi ya baridi au wasiweke, sheria ya Quebec inawataka wawe nayo kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Huku kwetu hakuna anayekulazimisha, ndiyo maana tunabishana WhatsApp.

Mwenye kuitaka 33 bado, aiweke theluji ikiisha, kwa safari za misituni kaskazini, na mimi nitakuwa wa kwanza kuomba nafasi ya abiria. Ila kabla hujalipa mwambie fundi akufungie moja tu mbele kushoto. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, halafu rudi nyuma polepole ukipandisha gurudumu hilo kwenye ukingo wa barabara huku usukani ukiwa umekatwa. Likigusa hapo, msituni litagusa zaidi, na duka zuri litakubali kulirudisha likiwa bado halina vumbi.