Skeli za Zamani na Kisomeo Kipya: Zibaki au Zing'olewe?

Kwenye mashine za milingi na za kukereza chuma, kisomeo cha kidijitali (kisanduku kinachoonyesha kwa tarakimu meza imesogea kiasi gani) aghalabu hufa kabla ya skeli zake, yaani pau zinazopima mwendo huo. Kapasita hukauka, vitufe huacha kuitika, tarakimu hufifia, na mtengenezaji huwa ameshaacha kuuza vipuri vya toleo hilo. Skeli zenyewe, zilizofungwa ubavuni mwa meza, huwa bado zinafanya kazi. Mwenye karakana hubaki na njia mbili: anunue kisomeo kipya na kukiunganisha na skeli zilizopo, au ang'oe kila kitu na kuanza upya.

Wanaotetea skeli za zamani wana hoja nzito, na si ya bei peke yake, ingawa ni kweli kwamba bei ya skeli hupanda kadiri urefu wake unavyoongezeka. Jasho la kazi hii liko kwenye ufungaji: kutoboa chuma cha kutupwa, kutengeneza vishikizo, kisha kuinyoosha skeli hadi iende sambamba na mwendo wa meza kwa tofauti ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Jasho hilo limeshamwagika. Skeli mpya yenye umbo tofauti hudai mashimo mapya, na kwenye mwendo wa kukingama wa mashine ya kukereza, ambako nafasi ni finyu, huenda isipate pa kukaa. Isitoshe, mistari ya skeli ya kioo, ambayo mara nyingi huachana kwa mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), husomwa kwa mwanga bila kuguswa, kwa hiyo haichakai kwa matumizi. Kinachochakaa ni beringi ndogo za kichwa cha kusomea, kinachoteleza kwenye skeli, na midomo ya mpira inayozuia mafuta na vumbi la chuma.

Wanaopendelea kung'oa hujibu kwamba umri si tatizo, tatizo ni ishara, na hapo nakubaliana nao. Skeli nyingi za bei nafuu za leo hutoa mapigo ya umeme ya volti 5 kupitia nyaya mbili, mapigo ya waya mmoja yakipishana na ya mwingine kwa robo ya mzunguko, na kisomeo hutambua meza inaelekea upande gani kwa kuangalia waya upi umetangulia. Lakini skeli nyingi za zamani za kampuni ya Heidenhain hutoa mawimbi dhaifu ya mkondo wa mikroampea 11 hivi, ambayo kisomeo cha kawaida hakiwezi kuyahesabu bila kigeuzi. Skeli za Spherosyn za kampuni ya Newall ziko mbali zaidi: ndani ya bomba kuna safu ya gololi za chuma, na kichwa huisoma kwa njia ya sumaku. Skeli hizo huvumilia maji na uchafu kuliko kioo, lakini zinahitaji kisomeo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ukijumlisha bei ya vigeuzi vya mihimili mitatu (pande tatu za mwendo wa mashine), akiba uliyoitarajia inaweza kuyeyuka yote.

Plagi nayo hudanganya. Plagi mbili za pini 9 zinaweza kuingiliana vizuri kabisa huku mpangilio wa nyaya ukitofautiana, na volti 5 zikipita kwenye pini isiyo yake zinaweza kuunguza kichwa cha kusomea ambacho ndicho ulichotaka kukiokoa. Multimita (kipima umeme) itangulie.

Kwa maoni yangu, uamuzi ufuate kipimo. Ikiwa kisomeo cha zamani bado kinawaka, au kuna cha kuazima, funga saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha misogeo midogo) mezani, peleka meza mbali na kuirudisha mara kadhaa, kisha angalia kama tarakimu zinarudi sifuri pamoja na saa. Kosa lisilobadilika uwiano, kwa mfano milimita moja kusomeka tano, ni la mipangilio tu: kisomeo kimeambiwa kila pigo ni mikroni 5 ilhali ni mikroni 1. Skeli inayoruka hesabu ni habari nyingine. Kioo kikisafishwa kwa spiriti na bado kikaruka, kichwa ndicho kinachokwisha, na kisomeo kipya hakitakiponya. (Wala hakitaponya reli zilizolika: skeli haidanganywi na ulegevu wa skrubu, lakini haioni meza inapoinama.)

Skeli ndefu ikifaulu na fupi ikashindwa, hakuna haja ya kung'oa zote, kwa kuwa visomeo vingi vya sasa huruhusu kila mhimili upangiwe kipimo chake cha pigo, mradi ishara ni za aina moja.