Kamera ielekezwe kwenye mkono wa mchoraji

Video nyingi za wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Dar es Salaam, zinafanana: mchoraji kashika brashi, anatabasamu, nyuma yake ukuta mzima wa twiga na ndege. Ukimaliza kuitazama bado hujui picha imechorwaje, na hapo ndipo msanii anaponyimwa haki yake. Tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi ni ile ya mafuta inayong'aa, na kazi huenda kwa tabaka: rangi ya nyuma kwanza, ikauke, ndipo mnyama, kisha madoa na mistari. Tabaka moja laweza kuachwa likauke usiku kucha. Ukienda kwa saa moja utaondoka na hatua moja tu, kwa hiyo rudi kesho yake, au omba kurekodi kazi tatu zilizofikia hatua tofauti.

Wengi huchora wameketi, kazi ikiwa mapajani. Shusha tripodi hadi usawa wa bega. Anayetumia mkono wa kulia mrekodi kutoka kushotoni kwake, la sivyo kiganja kitaziba ncha ya brashi. Lenzi ya milimita 50 hadi 85 inatosha. Funga fokasi (ukali wa picha) kwenye mchoro, maana fokasi ya otomatiki itaukimbilia mkono kila ukipita. Mizani ya rangi, inayofanya nyeupe ionekane nyeupe, nayo uipange mwenyewe kwa kadi ya kijivu: turubai la bluu likiwa juu ya kibaraza, weupe wote hugeuka samawati. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/50 ya sekunde, taa zisipepese. Brashi ikianza kudonoa madoa ya chui, usikate. Acha kamera iende nusu dakika nzima.

Unapopiga picha za michoro kwenye maonyesho, adui ni mng'ao. Flashi ya juu ya kamera huacha doa jeupe katikati ya picha. Weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45, na lenzi ielekee katikati ya mchoro, kingo zote nne zikae sambamba na fremu. Mng'ao ukibaki, funika taa zote mbili kwa karatasi za polaraiza (hupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) zilizoelekezwa upande mmoja, kisha zungusha filta ya polaraiza kwenye lenzi mpaka upotee. Mwanga utapungua sana. Ongeza muda wa shata, si ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Hata hivyo piga na picha nyingine yenye mng'ao kidogo, kwa sababu rangi hii ikikosa kung'aa kabisa si Tingatinga tena.

Sahihi ya pembeni usiikate ili picha ienee mtandaoni. Kununua mchoro hakukupi haki ya kuuchapisha, basi pata ruhusa, andika jina la mchoraji, na umpe faili kamili, si ile iliyobanwa na WhatsApp.