Milima iliyopewa majina ya waliolipa nauli

Kuna safu ya milima Antaktika inayoitwa Horlick. Naam, ni Horlick huyohuyo wa kinywaji cha unga wa kimea na maziwa, kile kinachokorogwa kwa maji moto kabla ya kulala. William Horlick alimchangia fedha Mmarekani Richard Byrd kwa msafara wa 1933 hadi 1935, na Byrd akarudisha fadhila kwa alichokuwa nacho. Ndege kubwa ya msafara ikaandikwa jina la Horlick, milima ikaitwa Horlick, na volkano ndefu kuliko zote barani humo ikawa Mlima Sidley, kwa heshima ya Mabelle Sidley, binti wa mzee huyo.

Majirani wakubwa wa Sidley wanachekesha zaidi. Safu yao inaitwa Executive Committee, yaani Kamati ya Utendaji, na si utani. Hampton, Cumming, Hartigan na Waesche walikuwa wajumbe wa kamati iliyosimamia msafara wa serikali ya Marekani wa 1939 hadi 1941: mmoja wa Wizara ya Mambo ya Ndani, mmoja wa Mambo ya Nje, mmoja wa Jeshi la Majini, mmoja wa walinzi wa pwani. Volkano nne zimekaa barafuni kama wajumbe kikaoni, na Sidley, ambaye hata mjumbe hakuwa, ndiye mrefu kuliko wote.

Wengi hudhani majina ya kule yametokana na sura ya nchi au na mashujaa waliogandia njiani. Yapo ya namna hiyo. Lakini sehemu kubwa ni stakabadhi tu: huyu alitoa fedha, huyu alipitisha bajeti bungeni, huyu alikuwa waziri mwaka ule. Hapakuwa na mwenyeji wa kuulizwa "mlima huu mnauitaje?", kwa hiyo aliyefika wa kwanza na kalamu ndiye aliyeandika. Maoni yangu ni kwamba stakabadhi za zamani tuziache zilipo, maana kuzifuta ni kuvuruga ramani, ila tuache kuandika mpya. Jina la mlima ni chombo cha kazi. Rubani na mpimaji wanalihitaji kuliko familia ya mfadhili.

Tuanze na nahodha Mwingereza James Clark Ross, kwa sababu kwake yanaonekana yote mawili, jina zuri na jina la hewa. Januari 1841 aliingia na meli mbili, Erebus na Terror, kwenye bahari ambayo leo ina jina lake, akakuta volkano inafuka moshi. Akaiita Erebus, nayo ina mita 3,794. Jirani yake akaiita Terror. Erebus ni giza la kuzimu katika hadithi za Wagiriki, na watu wengi huamini alilichagua kwa sababu ya ule moto. Sivyo, aliupa mlima jina la meli, na meli ilikuwa nalo tangu zamani. Mlima Melbourne ni Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Mlima Sabine ni mtaalamu wa usumaku wa dunia, shughuli iliyompeleka Ross kule.

Kisha Ross akaona safu nyingine upande wa kusini, akaichora na kuiita Parry. Safu hiyo haipo. Watu wa mpelelezi Mwingereza Robert Scott walipoingia eneo lile mwaka 1902 hawakuikuta. Sababu yake inaeleweka. Hewa ya baridi kali hulala juu ya barafu na hewa yenye joto kidogo hukaa juu yake, basi mwanga hupinda na vitu vifupi vya mbali huinuliwa vikaonekana kama kuta. Ni mazigazi, ila ya barafuni badala ya jangwani. Tena hewa ya kule haina vumbi, kwa hiyo kilichoko kilometa mia moja hukiona kama kiko karibu tu. Kinachonifurahisha ni nasaba ya kosa lenyewe. Mwaka 1818 ami yake huyu Ross, Kapteni John Ross, aliona milima imeziba mlangobahari wa Lancaster kule Aktiki, akaiita Croker na kugeuza meli. Mwaka uliofuata nahodha William Parry alipita palepale kwa tanga, pakiwa na maji matupu. Ross mdogo alikuwamo katika safari ile ya ami yake, na bado miaka 23 baadaye alipoona milima isiyokuwapo akaipa jina la Parry.

Ndege haikumaliza tatizo hili, ililipa sura nyingine. Msafara wa Kijerumani wa 1938–39 chini ya Alfred Ritscher ulirusha ndege mbili za majini juu ya Dronning Maud Land, eneo la Antaktika linalodaiwa na Norwei, na kurudi na picha zaidi ya 11,000. Ramani ikajaa majina, mengine ya maofisa wa Berlin. Milima ya Mühlig-Hofmann, kwa mfano, ni ya mkuu wa idara katika Wizara ya Usafiri wa Anga. Lakini picha ya angani peke yake haisemi uko wapi duniani. Lazima ardhini pawe na alama kadhaa ambazo latitudo na longitudo zake zimepimwa kwa jua au nyota, ndipo picha zifungwe kwenye alama hizo. Ritscher hakuwa nazo. Milima ilikaa sawa yenyewe kwa yenyewe, ila ramani nzima ikawa imeteleza na kujikunja. Msafara wa Norwei, Uingereza na Uswidi wa 1949–52 ulipopima kwa miguu na mbwa, baadhi ya majina ya Kijerumani yalibaki hayana mlima wa uhakika wa kuyabeba.

Wanorwei ndio waliokuja kuandika upya eneo hilo, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kuna kundi la vilele vya matale vilivyochomoza barafuni kama meno. Kundi wakaliita Fenriskjeften, taya la Fenrir, yule mbwa mwitu wa hadithi zao za kale. Kilele kirefu, mita 2,930, ni Ulvetanna, jino la mbwa mwitu. Kuna Kinntanna, yaani gego, na Holtanna, jino lenye uvungu. Mtu ambaye hajawahi kufika akiambiwa "gego liko kushoto kwa jino lenye uvungu" atalitambua kwa macho. Mwambie "Mlima Cumming uko kaskazini ya Mlima Hartigan" uone atatambua nini.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Majina ya sura huisha haraka: vilele vingi vinafanana na sindano, visiwa vingi ni vyeusi au vyeupe. Kamati ya Uingereza ya majina ya Antaktika, iliyoanza mwaka 1945, ilitafuta njia ya kati ninayoiheshimu, yaani kupanga majina kwa mafungu. Kisiwa cha Alexander kina watunzi wa muziki: Rasi ya Beethoven, na juu yake Mlima Liszt, Mlima Grieg na Mlima Borodin. Kisiwa cha Brabant ni cha matabibu: Hippocrates, Lister, Koch, na hata Ibn Sina ana ghuba yake pale kwa jina la Avicenna. Watu hao hawakulipa chochote, na faida ya kazi ni kubwa. Ukisikia redioni jina la daktari, tayari unajua uko kisiwa gani.

Mlima mrefu kuliko yote, Vinson, ni stakabadhi tupu. Marubani wa Jeshi la Majini la Marekani waliuona Januari 1958, na mwaka 1961 ukapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa Georgia aliyetetea fedha za utafiti wa kule. Vipimo vya mwanzo viliupa mita 5,140, vikashuka hadi 4,897, na GPS ya 2004 ikasimama kwenye 4,892. Kwa hiyo katika orodha ya vilele virefu vya mabara yote, Kilimanjaro unauzidi kwa mita elfu moja na tatu, na hata Mlima Kenya uko juu yake. Tatizo halikuwa urefu tu. Jina lilipewa bonge zima la milima lenye urefu wa kilometa 21, si kilele. Wapandaji wakawa wanasema "nimefika Vinson" bila kueleweka walifika wapi, mpaka mwaka 2006 Marekani ilipotenganisha Mlima Vinson na bonge la Vinson. Kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, kiliepuka mkanganyiko huo mapema: volkano nzima ni Big Ben, na kilele chake cha mita 2,745 ni Mawson.

Utaratibu wa leo ni huu. Hakuna serikali ya Antaktika, na Mkataba wa 1959 uligandisha madai ya nchi saba zinazodai ardhi, kwa hiyo kila nchi ina kamati yake. Mwombaji hupeleka latitudo na longitudo, urefu, umbali na mwelekeo kutoka sehemu mbili tatu zenye majina, maelezo ya sura, na sababu ya jina. Kamati ikikubali, jina hupelekwa kwenye daftari la pamoja, lililoanzishwa mwaka 1992, la SCAR, yaani baraza la kisayansi la Antaktika. Daftari hupokea tu, halina mamlaka ya kukataa. Ndiyo maana majina ni mengi kuliko milima.

Wengi hukosea hatua ya kwanza kabisa: wanatafuta kwenye daftari kwa jina badala ya kwa mahali. Wakikosa jina hilo wanadhani mlima hauna mwenyewe. Tafuta kwa latitudo na longitudo, na utanue duara kilometa kumi au zaidi, kwa sababu sehemu zilizopimwa zamani zimeteleza. Kumbuka pia kwamba dakika moja ya latitudo ni kilometa 1.85 popote duniani, lakini kwenye latitudo 80 kusini dakika moja ya longitudo ni kama mita 320 tu. Anayechukulia zote mbili kuwa sawa ataupa jina mlima wa jirani.

Usipofanya hivyo, matokeo ni kama ya Mlima Hope. Mpelelezi Mwingereza Ernest Shackleton aliita kilima cha matale chini ya mto wa barafu wa Beardmore (Beardmore naye mfadhili) Mlima Hope mwaka 1908. Mwaka 1935 Mmarekani Lincoln Ellsworth, akivuka bara kwa ndege, aliona vilele vitatu akaviita Faith, Hope na Charity: Imani, Tumaini na Upendo, kama mabinti watatu wa nyumba moja. Basi kuna Hope mbili, zaidi ya kilometa 2,500 kati yake. Ile ya Ellsworth ilipimwa upya mwaka 2017 ikawa mita 3,239, ikaupiku Mlima Jackson kwa urefu katika eneo linalodaiwa na Uingereza. Ukiomba ndege ya uokoaji, usitaje Hope bila namba.

Kinyume chake ni mlima mmoja wenye majina mawili. Oktoba 1960 Wabelgiji chini ya Guido Derom waliona safu kutoka angani wakaiita ya Malkia Fabiola. Wajapani wanaiita Yamato. Mwaka 1969 Wajapani wakaokota vimondo tisa pale, kisha maelfu, na kwa kuwa kimondo hupewa jina la mahali kilipookotwa, duniani kote vinaitwa Yamato. Mwanafunzi anayetafuta jiwe lake kwenye ramani ya Kimarekani anakutana na Fabiola.

Kwa bidii, Wabulgaria ndio wanaoongoza siku hizi. Tume yao ni ya 1994, na mwaka 1995 walitunga kabisa kanuni ya kuandika herufi zao kwa Kilatini kwa ajili ya majina ya Antaktika. Mwaka 2009 kanuni hiyo ikawa sheria ya nchi. Safu ya Kisiwa cha Smith wameiita Imeon. Kilele chake, mita 2,105, kilishakuwa na jina la Foster, na wakakiacha nalo. Hicho ndicho alichokuwa akikiendea Bill Tilman, aliyewahi kulima kahawa Kenya na kupanda Mlima Kenya na Eric Shipton mwaka 1930. Alitoweka baharini mwaka 1977 akiwa njiani.

Wamarekani wenyewe walijirekebisha: kanuni zao zinakataa majina ya bidhaa, ya mbwa wa sleji, na ya wafadhili wanaotaka kujitangaza. Kwa kanuni hizo sijui kama Horlick angepita.

Jina moja la stakabadhi ningelitetea hata hivyo. Mnorwei Roald Amundsen, wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, mwaka 1911 aligawa milima kwa wafadhili kama kila mtu: mto wa barafu kwa Axel Heiberg, mlima kwa Don Pedro Christophersen aliyempa chakula na mafuta Buenos Aires. Halafu kilima kimoja kidogo, pembeni mwa barafu ya Ross, akakiita Betty, jina la Betty Gustavson, yaya wa nyumbani kwao. Januari 1912, akirudi kutoka Ncha, alijenga hapo rundo la mawe na kuacha lita 17 za mafuta ya taa, viberiti, na kopo lenye karatasi. Siku ya Krismasi ya 1929 Laurence Gould, mwanajiolojia wa Byrd, na wenzake walilikuta limesimama, kopo na karatasi vimo.