Matumaini ya Montag hayamo kwenye majivu

Wasomaji wengi wa Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953, ukiwauliza matumaini yamo wapi hujibu haraka: feniksi, yule ndege anayejiunguza kisha akafufuka kutoka kwenye majivu yake. Hapa Dodoma tumebishana sana kuhusu hilo na wenzangu tunaoazimana vitabu, nami bado sikubali.

Tumtazame kwanza anayemvaa ndege huyo. Guy Montag ni askari wa zimamoto katika Marekani ya kubuniwa, ambako kazi ya kikosi ni kuchoma vitabu pamoja na nyumba vilimofichwa. Feniksi ni nembo ya kifuani mwake. Kapteni Beatty, mkuu wake, anayo pia. Hata Granger, kiongozi wa wale waliokimbilia porini, anapomtaja feniksi mwishoni anamwona ndege mjinga: anaungua, anafufuka, anaungua tena. Binadamu, anasema, tunamzidi jambo moja. Upumbavu tulioufanya tunaujua.

Kwangu mimi ufufuko wa Montag unaanzia kwenye kumbukumbu. Mwanzoni yeye na mkewe, Mildred, hawakumbuki walikutana wapi mara ya kwanza. Wameishi pamoja miaka yote hiyo, na hilo limefutika! Kisha mabomu yanaushukia mji, Mildred akiwa humohumo, na Montag, aliyetoroka akajiunga na kundi la Granger na sasa amelala chini mbali na huko, jibu linamjia: Chicago. Kila nikifika ukurasa huo inanibidi nisimame kidogo. Moyo wake unarudi kuwa hai saa ileile anayofiwa.

Wakulima wa mkoa huu wanaotumia kisiki hai, njia ya kukuza upya miti kutoka kwenye visiki, watanielewa upesi. Shamba la Oktoba ukilitazama utasema limekufa, kumbe chini mizizi ya miti iliyokatwa zamani ingali na uhai. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, kisha huyalinda yasiliwe na mbuzi. Anayengoja muujiza hapati mti. Kundi la Granger linafanya kazi ya namna hiyo: kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani, na Montag amebeba sehemu ya Mhubiri na ya Ufunuo, vitabu vya Biblia. Moto wao nao umebadilika. Ni moto wa kuota, na Montag anashangaa, maana hakuwahi kujua kwamba moto unaweza kutoa kitu, si kuchukua tu.

Wakianza safari, Montag anatafuta maneno atakayoyasema zamu yake ikifika. Anayachagua ya Ufunuo 22, ya mti wa uzima ambao “majani ya mti huo ni ya kuwaponya mataifa,” na anayaweka akiba hadi watakapoufikia mji. Mwandishi alikuwa na feniksi mkononi, ndege maarufu, tayari kwa ukurasa wa mwisho. Akaufunga kwa mti. Ninaamini alijua anachokifanya, na ningependa walimu wetu wa fasihi wawasomeshe wanafunzi ukurasa huo kwa sauti kabla hawajawauliza lolote kuhusu ndege.